Nilipoipima Sola kwa Tepu ya Nguo

Betri ya kwanza kuingia nyumbani kwangu ilishuka kwenye trela. Ilikuwa mwaka 2019, mume wangu anatoka Mombasa na mzigo wa Kigali, amekwama kwenye foleni ya mpaka wa Uganda na Kenya hapa Malaba kama kawaida yake. Tajiri wake alikuwa amefunga betri mpya kwenye kichwa cha lori, na katika zile za zamani mume wangu akaona moja bado ina uhai. Akamtuma utingo ailete kwa toroli. Wakaitua chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, meza ikatikisika.

"Itafaa kweli?" nikauliza.

"Mama, hii imewasha injini inayopanda Timboroa na tani ishirini na nane mgongoni. Itashindwa na balbu mbili na cherehani?"

Ilishindwa. Ilichukua miezi minne tu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekulia Rubongi, kambi ya jeshi kule Tororo, baba akiwa askari, na ndiyo maana Kiswahili ni lugha yangu ya nyumbani katika nchi ambayo watu bado huniuliza nimekitoa wapi. Hapa Malaba nashona sare za shule, suti za madereva wanaooa haraka haraka, na zaidi ya yote gomesi. Kwa asiyeijua, gomesi ni lile vazi la heshima la akina mama wa Uganda: mabega yamechongoka, mshipi mpana kiunoni, kitambaa yadi sita. Gomesi haishonwi mchana mtulivu. Hushonwa usiku wa kuamkia sherehe, kwa sababu mashangazi wa bibi harusi huleta kitambaa siku ya mwisho, wote kwa pamoja, kila mmoja akidai yeye ndiye wa kwanza. Na usiku huohuo ndio umeme hukatika.

Hili la umeme lina kichekesho chake ukiwa mkazi wa huku. Bwawa la Owen Falls, pale Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na nyaya kubwa za kupeleka umeme Lessos nchini Kenya zinapita wilayani kwetu. Tumekua tukizisikia zikivuma juu ya mihogo. Mwaka 2024 Karuma nayo ikazinduliwa, megawati 600. Nchi haina njaa ya umeme. Kinachotuua mtaani ni nguzo iliyoliwa na mchwa, transfoma iliyobebeshwa nyumba kupita uwezo wake, na upepo wa saa kumi jioni. Kwa hiyo niliingia kwenye sola kwa shida, si kwa mapenzi. Mapenzi yalikuja baadaye, na yamenigharimu kuliko ile shida.

Turudi kwenye betri ya trela. Niliiunganisha na paneli moja, kontrola ndogo ya kuchaji na inveta ya wati 1000, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nguzo. Mwezi wa kwanza nilikuwa malkia wa mtaa. Mtaa mzima giza, kwangu cherehani inanguruma. Mwezi wa tatu taa zikaanza kufifia saa nne usiku. Wa nne, nikikanyaga, cherehani inaguna tu kama mzee anayeamshwa usingizini, haizunguki.

Nikamwita mzee mmoja fundi wa betri kutoka upande wa Kenya. Alichomoa multimita yake mfukoni, akagusisha waya mwekundu na mweusi kwenye vichwa vya betri. Volti 12.6.

"Basi nzima," nikasema.

Hakunijibu. Akaniambia, "Dada, washa cherehani." Nikawasha. Namba zikaanza kuporomoka: 11, 10, 9.4, inveta ikalia piii, ikajizima. Tukasubiri. Namba zikapanda taratibu kama mtu anayejizoa baada ya kuanguka, zikafika 12.4. "Umeona?" akasema. "Ikiwa imelala, nzima. Itwike mzigo ndipo itakuambia umri wake."

Alinieleza jambo ambalo laiti ningelijua mapema. Betri ya gari imejazwa sahani nyingi nyembamba za risasi. Imeumbwa kutoa ampia mia kadhaa kwa sekunde chache, injini ishike, kisha alteneta iirudishie chote ilichotoa. Mimi nilikuwa naifyonza usiku kucha hadi chini, naiacha na njaa hadi jua lichomoze, na siku za mawingu naiacha na njaa kutwa. Sahani nyembamba zikifanyiwa hivyo hupukutika na kuota ukoko mgumu wa salfeti. Betri ya sola ya asidi ina sahani nene, na hata hiyo haipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo betri ya volti 12 na ampia-saa 100 kwenye karatasi ni wati-saa 1,200, lakini kwa mtu anayetaka idumu ni 600.

Yule mzee alipokuwa anafunga mfuko wake sikumwuliza bei ya betri mpya. Nilimwuliza ile multimita ameinunua wapi. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Nilinunua ya kwangu kwa shilingi 35,000 za Uganda. Nikaanza kupima kila kitu: betri alfajiri, betri adhuhuri, betri za redio, betri za tochi za majirani. Kila fundi cherehani ana daftari la vipimo. La kwangu ukilifungua mbele utakuta kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ukiligeuza nyuma utakuta volti na ampia, tarehe na saa. Siku moja mteja alilifungua kinyume akaniuliza ni mwanamke gani huyo mwenye kiuno 12.2. Mtaani wakaniita Mama Sola. Wengine walidhani ni kejeli. Mimi nilifurahi.

Daftari ndilo lililoikamata paneli yangu ikidanganya. Mgongoni ilikuwa na karatasi inayosema wati 150. Saa sita mchana, jua la Februari, anga haina hata wingu, nikapima: ampia 4 na pointi. Paneli ya volti 12 hufanya kazi vizuri kwenye volti 17 au 18 hivi, kwa hiyo 4 mara 17.5, ni wati 70. Nikafuta vumbi, ikawa 72. Nikasubiri siku nyingine tatu. Sabini, sabini na mbili, sitini na tisa.

Sasa hapa ufundi wangu ulinisaidia. Jua kali la mchana hudondosha takriban wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri hugeuza kama sehemu ya tano tu ya hizo kuwa umeme. Hakuna karatasi inayoweza kubadilisha hilo. Nikapanda kwenye bati na tepu yangu ya nguo. Sentimita 90 kwa 54. Hiyo haifiki hata nusu mita ya mraba. Hata ingekuwa paneli nzuri ya namna hiyo, kwa ukubwa ule isingefika wati 100, achilia mbali 150. Ilikuwa kama mtu kuniuzia yadi tatu na kuniapia ni gomesi nzima.

Tangu siku hiyo siingii dukani kununua paneli bila tepu shingoni. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, muuzaji alidhani nimekuja kumpima kanzu. Nilipoanza kuzungusha tepu kwenye paneli zake na kuandika, alinyamaza. Nilipofika ya tatu akaniambia, "Mama, hiyo usiipime, chukua ile ya kule nyuma, ndiyo ya ukweli." Nilinunua ile ya nyuma. Ni ya ukweli mpaka leo. Sina hakika kama nilishinda siku ile au tulielewana tu.

Kosa lililonitia hofu hasa lilikuja mwaka 2021, na halikuhusu jua wala betri. Nilikuwa nimeongeza betri ya pili na kumchukua msichana wa kunisaidia, kwa hiyo cherehani mbili za umeme, taa na redio, vyote kwenye mfumo uleule wa volti 12. Usiku wa gomesi tano. Karibu saa saba nikasikia harufu. Nikadhani satini imegusa pasi, nikainua pasi, satini nzima. Msichana akasema, "Mama, inatoka chini." Nikainama chini ya meza. Kwenye kichwa cha betri, pale waya mnene unapofungwa na nati, plastiki nyekundu ilikuwa inalainika na kuning'inia kama asali. Nikaugusa waya, nikaurudisha mkono haraka. Chini yake, kwenye sakafu, kulikuwa na kikapu cha vipande vya kitambaa vya mwezi mzima.

Nilizima kila kitu. Tukakaa gizani, sisi wawili, bila kusema neno, tukinusa.

Nati ilikuwa imelegea. Hilo tu. Lakini hesabu yake inatisha. Mzigo wa wati 600 kwenye volti 12 ni ampia 50. Kiungo kibovu hakihitaji kuwa kibovu sana: kikiwa na ukinzani wa sehemu mbili za mia za omu, yaani 0.02, joto lake ni 50 mara 50 mara 0.02, wati 50. Zile pasi ndogo za mafundi redio za kuyeyushia risasi huwa na wati 40 au 60. Nilikuwa nimeweka pasi ya risasi inayowaka chini ya meza, juu ya kikapu cha vitambaa, nikaenda kushona.

Asubuhi yake nilifanya mambo mawili ambayo ningefanya siku ya kwanza kama ningekuwa na mtu wa kuniambia. Nilizifuatanisha betri zangu mbili zikawa volti 24, nikatafuta inveta ya volti hizo. Wati zilezile 600 sasa ni ampia 25, na kwa kuwa joto la waya hufuata ampia zikizidishwa kwa zenyewe, kiungo kilekile kibovu kingetoa robo tu ya joto. La pili ni fyuzi, tena karibu kabisa na kichwa cha betri, si mwisho wa waya. Watu wengi huweka fyuzi karibu na inveta kwa sababu ndipo inapoonekana vizuri. Ila waya ukikwaruzwa na panya katikati, fyuzi ya mwisho haioni kitu, na betri haina huruma. Na kila Jumamosi, kabla ya kufagia, napitisha mkono kwenye kila kiungo mzigo ukiwa umewaka. Penye uvuguvugu nakaza.

Shemeji yangu, ambaye ni fundi umeme wa majumbani na simdharau, alikuja kunisaidia kufunga upya. Kwa upande wa paneli alitumia breka ya kawaida ya ukutani. Tulikuwa tumefuatanisha paneli mbili kubwa, volti 70 na kitu. Alipoizima jua likiwa kali, ndani ya breka kukawaka kimwali cha buluu, kikakataa kuzimika, kikaacha harufu na weusi. Umeme wa nguzo hushuka hadi sifuri mara mia moja kwa sekunde, kwa hiyo cheche yake hufa yenyewe; umeme wa paneli hausimami, unavuta tu. Kuna breka zake maalumu. Shemeji aliniambia, "Nimefanya kazi hii miaka kumi na tano," kisha akaitazama ile breka tena na hakumaliza sentensi.

Kuanzia hapo nilibadilika. Zamani umeme ukipungua nilikuwa nafikiria kuongeza paneli. Sasa nauliza kwanza unaishia wapi.

Na jibu kubwa kuliko yote lilikuwa limekaa chini ya goti langu. Cherehani za viwandani tulizozoea huku huja na mota ya klachi, lile dude zito kama tikiti maji. Ukiiwasha inazunguka muda wote, unashona au hushoni. Kanyagio linaunganisha tu mkanda. Nilikuwa naijua hivyo kwa sauti yake, sikuwahi kuijua kwa ampia. Nikapima. Mguu chini, sishoni, natunga uzi kwenye sindano: karibu ampia 7 kwenye volti 24, na hiyo ni pamoja na inveta. Zaidi ya wati 160 za kutunga uzi! Nikakaa na saa siku moja nikahesabu muda ambao sindano inapiga kweli. Katika saa nzima, dakika zisizofika ishirini. Zilizobaki ni kugeuza kitambaa, kupachika pini, na kumjibu mteja anayeuliza kama imeisha.

Kuna mota nyingine ndogo, servo, inayozunguka ukikanyaga tu. Nilinunua moja kwanza, kwa woga. Nikapima: sishoni, ampia moja na kitu, na sehemu kubwa ya hiyo ni inveta yenyewe ikikaa macho. Nikishona inaruka hadi nne, tano, inashuka. Na kimya! Usiku ule msichana wangu alinyanyua kichwa akauliza kama umeme umekatika. Mota mbili za servo zilinigharimu chini ya bei ya paneli moja kubwa, na zikanipa kile ambacho paneli mbili zisingenipa. Pasi ya umeme sijaribu hata kuijadili. Ni wati 1,000 na zaidi. Nimerudi kwenye pasi ya mkaa ya marehemu mama, na mikunjo ya gomesi inakaa vizuri zaidi, ingawa wateja vijana wanaiogopa.

Inveta nayo ilikuwa na kasoro yake. Ile ya kwanza, ya bei nafuu, ilikuwa inatoa umeme wa ngazi ngazi badala ya wimbi laini. Mota ilikuwa inaguna na kupata moto bila sababu. Ya wimbi safi ni ghali karibu maradufu. Nunueni hiyo.

Kwenye pembe ya paneli nilidanganywa na intaneti, na hapo nacheka. Video moja ya Ulaya ilinifundisha kuzielekeza kusini na kuziinamisha sana. Nyingine, ya Afrika Kusini, ikasema kaskazini. Nikachagua ya kwanza kwa sababu msemaji alikuwa na ndevu za heshima. Juni ikafika, daftari likaonyesha nimepungukiwa vibaya, na mvua haikuwa nyingi. Mwishowe nikachomeka kijiti uani. Saa saba mchana wa Juni kivuli chake kiliangukia kusini, maana yake jua liko kaskazini yetu. Desemba kivuli kikahamia kaskazini. Machi na Septemba kijiti karibu hakina kivuli, kimesimama juu ya kichwa chake mwenyewe. Sisi tuko hatua chache tu kaskazini ya mstari wa ikweta. Jua letu linapita kati, linatembelea huku na huku. Nikazilaza paneli, nikaacha mwinamo kidogo, kama nyuzi kumi, ili mvua iteremshe vumbi. Barabara yetu ni ya malori ya saruji na murram. Paneli iliyolala kabisa hugeuka kibaraza.

Na kivuli. Kulikuwa na tawi la mwembe wa jirani lililokuwa linagusa kona ya paneli kuanzia saa tisa. Kona tu, ukubwa wa sahani. Nikadhani nitapoteza kiasi cha sahani. Nikapoteza zaidi ya theluthi ya paneli. Seli zake zimepangwa mstari mmoja kama foleni ya malori mpakani: moja ikikwama kwa karatasi, zilizo nyuma yake zinasimama hata kama zina kila muhuri. Nilimwomba jirani anikubalie nikate tawi. Alikubali kwa sharti la gauni la binti yake. Ni tawi la bei ghali kuliko yote niliyowahi kusikia.

Radi siwezi kuiacha, maana huku ndiko kwake. Kati ya mwaka 1967 na 1976 Tororo ilihesabiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, ikaingia hata kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Tulipokuwa watoto kambini tulidhani kila mahali duniani mbingu hugombana kila alasiri. Kwa hiyo sina udhuru. Aprili moja radi ilipiga mvule uliokuwa mbali na nyumba yangu, nadhani mita themanini. Haikugusa bati. Haikugusa waya. Kontrola yangu ya kuchaji ilikufa papo hapo, kioo cheusi, na harufu ile ninayoijua sasa. Nyaya ndefu za kutoka kwenye paneli zilikuwa zimekusanya mshtuko wake hewani na kuuleta ndani. Sikujua kama inawezekana.

Sasa fremu za paneli zimeungwa na fimbo ya shaba ya futi nne iliyopigwa ardhini, pale maji ya bafu yanapomwagika, kwa sababu udongo mkavu haupokei kitu. Kuna kifaa cha kinga kati ya nyaya za paneli na hiyo fimbo. Nyaya zenyewe zinakwenda sambamba, zimebanana, hazifanyi kitanzi kikubwa ukutani kama zamani. Na bado, mawingu yakiwa meusi upande wa mlima Elgon, nazima breka na kuchomoa plagi za paneli kwa mkono wangu. Radi ikija moja kwa moja, hakuna kifaa cha shilingi 60,000 kitakachobishana nayo.

Betri ya lithiamu niliipata zamu yangu ya chama ilipofika, mwaka juzi. Wanachama wenzangu walidhani nitanunua friji. Nilinunua boksi jeusi la volti 24, ampia-saa 100, seli nane ndani yake za volti 3.2 kila moja, za aina ya chuma na fosfeti. Kabla ya hapo nilikuwa nimekusanya seli za kompyuta za mkononi zilizokufa nikiwa na ndoto ya kujitengenezea mwenyewe. Nilipasua boksi mbili, moja ya seli ikapata joto mezani bila kuunganishwa na kitu, nikaitoa nje kwa koleo. Nyumba yenye kilo mia za kitambaa si mahali pa ndoto hiyo.

Lithiamu ilinipa somo ambalo sikulitegemea: ilinifutia daftari. Kwa betri za asidi nilikuwa nasoma volti kama ninavyosoma uso wa mteja. Alfajiri 12.2 kwa kila moja, najua tuko nusu, 12.7 jioni, tumeshiba. Hii mpya asubuhi inasema 26.4. Saa sita usiku inasema 26.3. Nikasema betri hii ni muujiza, nikamwazima jirani waya kwa televisheni yake, tukaangalia mpira. Dakika ya sabini na kitu, bila taa kufifia, bila onyo, giza. Watu wazima kumi na mmoja walinigeukia. Ulinzi wa ndani ya betri ulikuwa umekata kwa sababu seli moja imefika chini kabisa. Lithiamu inashikilia volti zake karibu mpaka mwisho, halafu inaporomoka mara moja. Huipimi kwa kuiangalia uso. Inabidi uhesabu kila ampia inayoingia na inayotoka, kwa kile kimita chenye shanti (kipande cha chuma cha kupimia ampia zinazopita) kinachofungwa kwenye waya hasi. Nimekifunga. Kinanionyesha asilimia. Naona kama kimeninyang'anya utamu fulani, lakini usiku wa gomesi sitaki utamu, nataka asilimia.

Watu huniuliza kama nimeokoa pesa. Nimepiga hesabu hiyo mara moja na sijairudia. Natumia kama yuniti moja na nusu kwa siku, na yuniti ya umeme wa nguzo imekuwa ikicheza kati ya shilingi 700 na 800 na ushei. Weka shilingi 1,200 kwa siku, 36,000 kwa mwezi. Nimetumia kama milioni tano kwa jumla, nikihesabu na vilivyoungua. Ni miaka kumi na moja na ushei. Mume wangu alipoiona hiyo karatasi aliikunja akaitia mfukoni, na hutaka kuitoa kila ninapotaja paneli nyingine.

Juzi alinipigia simu kutoka Mariakani. Lori limegoma kuwaka asubuhi, tajiri anapiga kelele, fundi wa hapo amepima betri zote mbili na kusema ziko sawa, tatizo ni stata, leta laki kadhaa.

"Amepata volti ngapi?"

"Kumi na mbili nukta sita. Zote."

"Mwambie aweke mita kwenye moja, wewe pindua ufunguo. Asiangalie lori, aangalie mita."

Nikasikia mlango wa lori, kikohozi cha stata, kisha kimya, kisha watu wakibishana. Akarudi kwenye simu.

"Ya kushoto kumi na moja. Ya kulia imeanguka tisa."

"Basi stata iacheni. Badilisheni betri."

"Sawa, mama." Akanyamaza kidogo. "Hii ya kushoto lakini, naona bado ina uhai..."

"Usiniletee."